Banda la ndama lililovikwa marobota: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki kinahusu shamba moja la ng'ombe wa maziwa, ambalo banda lake la ndama lilivikwa marobota ya mabua ya ngano ili lipate joto. Jina la shamba, mahali lilipo na majina ya wahusika yameondolewa. Vipimo vya banda vimesogezwa kidogo hadi tarakimu kamili, ili hesabu ifuatike bila kikokotoo. Mimi niliitwa kazi ya kwanza ilipokwisha kuharibika. Yaliyotangulia nimeyakusanya kwa wahusika wenyewe na katika daftari la mtunza ndama, ambalo lilikuwa na habari nyingi kuliko wenye shamba walivyodhani.

Hali kabla ya kazi

Banda lilikuwa ghala la zamani la vifaa: urefu mita 12, upana mita 8, kuta za mita 2.5. Fremu yake ni ya chuma, na bati la migongo lenye unene wa milimita 0.4 limeizunguka pande zote hadi juu. Sakafu ni ya zege. Baina ya kuta na paa palikuwa na mwanya wa upana wa kiganja, na kileleni mwa paa palikuwa na mwanya mwingine uliofunikwa kofia ya bati. Nani aliiacha mianya hiyo na kwa nini, hakuna aliyekumbuka. Ghala lilipogeuzwa kuwa la ndama, watu waliiona kama kasoro ya ujenzi.

Ndani walilelewa ndama wapatao 20, tangu kuzaliwa hadi kuachishwa maziwa. Shamba lipo kwenye uwanda wa juu, ambako usiku wa msimu wa baridi hushuka hadi digrii 4 au 5 na mchana jua huwaka vikali. Ndama wa wiki chache za kwanza hustarehe hewa ikiwa kati ya takriban digrii 15 na 25. Chini ya hapo hula akiba ya mwili wake ili apate joto.

Malalamiko yalikuwa mawili. Kila msimu wa baridi ndama walikohoa, na wengine walipata homa ya mapafu. Tena kila alfajiri bati lilitoka jasho. Matone yalidondoka kutoka paani yakalowesha matandiko, na kufikia saa mbili asubuhi sehemu ya banda ilikuwa kama imenyeshewa. Jasho hilo halina siri. Usiku wa anga safi, bati hutupa joto lake juu angani mpaka linakuwa baridi kuliko hewa inayolizunguka. Hewa ya digrii 15 inaweza kubeba karibu gramu 13 za mvuke katika kila mita ya ujazo, lakini ya digrii 5 hubeba karibu 7 tu. Hewa iliyojaa pumzi za ndama ikiligusa bati hilo, mvuke uliozidi hugeuka maji papo hapo.

Rai zilikuwa tatu. Mwenye shamba aliona ugonjwa unaletwa na baridi. Mtunza ndama alisema ni unyevu wa matandiko. Fundi alisema bati ni jembamba mno na linahitaji kuvikwa kitu. Rai ya kwanza na ya tatu zilielekea upande mmoja, kwa hiyo zikashinda. Joto la ndani na la nje halikupimwa hata usiku mmoja kabla ya uamuzi.

Kwa nini mabua

Walifikiria mbao za povu la plastiki, wakaziacha kwa sababu panya huzitafuna, zikishika moto hutoa moshi wa sumu, na gharama yake ilikuwa kubwa. Walifikiria ukuta wa matofali kwa ndani, wakaona hautakwisha kabla ya baridi. Mabua ya ngano yalikuwapo tele baada ya mavuno, yamefungwa marobota, na mengine yangeishia kuoza shambani.

Wazo halikuwa la kubahatisha. Tangu mashine za kufunga marobota zilipoenea mwishoni mwa karne ya 19, watu wa Sand Hills kule Nebraska, Marekani, walijenga nyumba kwa marobota kwa kuwa miti ilikuwa adimu. Kanisa la mji wa Arthur, lililojengwa mwaka 1928 kwa marobota na kupigwa lipu, bado limesimama. Mwenye shamba alilijua hilo, na alilitaja kila mara aliposhukiwa.

Uchaguzi wa marobota walifanya vizuri. Walitumia mabua, si hei, yaani majani ya malisho yaliyokaushwa. Hei ina chakula ndani yake, na chakula hukaribisha panya, wadudu na kuvu. Marobota yalikuwa ya kamba mbili, ya takriban sentimita 35 kwa 45 kwa 90. Robota la ukubwa huo, likiwa kavu na limebanwa vya kutosha kujengea, yaani kilo 110 hivi kwa mita ya ujazo, huwa na uzito wa karibu kilo 16. Mtunza ndama aliyapima kwa mkono, moja moja: lililolegea lilipoinuliwa kwa kamba lilitengwa, na lililokuwa zito kupita kiasi lilitengwa pia, kwa kuwa uzito huo ni maji. Aliyoyatenga yalitumika kuwa matandiko ya ng'ombe wakubwa. Kazi hiyo ndogo, ambayo hakuna aliyemtuma, iliokoa mengi baadaye.

Kazi ya kwanza: maamuzi manne

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuweka marobota ndani ya bati badala ya nje. Sababu ilikuwa mvua: bati lingekuwa koti la kuyakinga. Yangewekwa nje, paa lingehitaji kurefushwa ili lifunike ukuta mnene.

Wa pili ulikuwa kuyasimamisha kwa ubavu, ukuta uwe wa sentimita 35 badala ya 45. Hapo waliokoa nafasi. Sakafu ya mita 96 za mraba ingebaki karibu 79 kama marobota yangelazwa, na ilibaki zaidi ya 82 yaliposimamishwa. Kwa joto, tofauti ni ndogo kuliko unene unavyoonyesha, kwa sababu robota lililosimama kwa ubavu lina mabua mengi yanayokatiza njia ya joto, ilhali lililolazwa lina mengi yanayofuata njia hiyo. Lakini robota la ubavu huacha kamba zake wazi upande wa ndani. Kamba ikikatika, robota limekwisha.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kuyaegemeza moja kwa moja kwenye bati, kisha kuyashikilia kwa wavu wa waya bila lipu. Sababu ilikuwa haraka. Lipu ya udongo huchukua wiki kadhaa kukauka, na baridi ilikuwa imeshabisha hodi. Lipu ingepigwa "msimu ujao". Kuta tatu zilisimamishwa juu ya mistari miwili ya tofali iliyojazwa kokoto katikati, sentimita zaidi ya 20 kutoka sakafuni. Ukuta wa nne, wenye mlango, ulianzia kwenye zege lenyewe kwa sababu tofali ziliisha.

Uamuzi wa nne haukujadiliwa hata kidogo. Fundi alipofika juu aliuona mwanya baina ya ukuta na paa, akasema baridi yote inaingilia hapo, akaujaza mabua yaliyofumuliwa. Mwanya wa kileleni uliwekewa gunia.

Wiki za mwanzo

Kila mtu alifurahi. Upepo ulikoma, kelele za bati zikapungua, na mtu akiingia usiku alihisi tofauti. Mtunza ndama aliandika kwenye daftari kwamba ndama wanalala wametandaza miguu badala ya kujikunja. Dalili hiyo ni nzuri na haidanganyi.

Baada ya hapo maandishi yakaanza kubadilika. Kwanza harufu ya mkojo iliyochoma macho asubuhi, kisha matone ya paani yaliyozidi yale ya zamani. Ndama walikuwa wameanza kuvuta mabua kupitia matundu ya wavu, na sehemu mbili wakachimba shimo la kuingia kichwa. (Inasimuliwa kwamba karibu na mji wa Bayard, kulekule Nebraska, kulikuwa na shule ya marobota ambayo haikupigwa lipu, na ng'ombe wakaila. Hadithi hiyo mwenye shamba hakuitaja.) Katikati ya baridi kikohozi kilirudi kwa nguvu. Mtunza ndama alimwendea mwenye shamba na kumwambia, "Mzee, humu ndani hakuna hewa." Akajibiwa kwamba hewa ndiyo waliyoizuia kwa gharama.

Wakati huohuo ikatokea ajali ya moto. Fundi alikuwa nje akikata bawaba ya mlango kwa grenda. Cheche zilipenya tundu la msumari zikafikia mabua. Hapakuwa na miali, bali moshi mwembamba tu. Walimwaga maji, moshi ukakoma, wakaendelea na kazi. Jioni ukafuka tena, umbali wa hatua moja kutoka pale pa kwanza. Moto ndani ya mabua ambayo hayakupigwa lipu hutambaa chini kwa chini, na maji ya juu hayaufikii. Dawa ni kulivuta robota lenyewe nje, kulichana na kulilowesha likiwa mbali na jengo. Walifanya hivyo, wakapoteza marobota sita. Lilikuwa tukio dogo, ila ndilo lililomfanya mwenye shamba akubali kufumua ukuta mzima autazame. Bila ajali hiyo nadhani angengoja hadi ukuta uoze.

Kilichoonekana ukuta ulipofumuliwa

Upande wa ndani marobota yalikuwa makavu, ya rangi ya dhahabu, kana kwamba yametoka shambani jana. Upande wa bati yalikuwa meusi. Kuvu ilikuwa imeingia kina cha kidole hadi viwili, na bati lenyewe lilikuwa na unga mweupe wa zinki iliyoliwa, pamoja na madoa ya kutu palipokuwa na misumari.

Mpangilio wa uharibifu ulieleza mambo zaidi ya uharibifu wenyewe. Ukuta unaopigwa na jua alasiri ulikuwa na madoa machache. Ule usiopata jua uliharibika zaidi, hasa theluthi yake ya juu. Ukuta wa mlango ulioza chini, mpaka urefu wa goti. Pembeni, mahali ambapo fremu ya chuma ililisukuma robota mbali na bati kwa upana wa vidole vitatu, robota lilikuwa safi pande zote mbili. Fundi ndiye aliyeliona hilo, akanyamaza, akaenda kutazama pembe nyingine. Nako ilikuwa vilevile.

Kipima unyevu cha kuchoma chenye mkuki mrefu kiliazimwa. Ndani ya robota, katikati, kipimo kilikuwa chini ya asilimia 15 karibu kila mahali. Nyuma, kwenye ukuta wa kivuli, kilipita 30. Kwa kawaida mabua yako salama chini ya asilimia 20 ya uzito wake. Yakikaa kwa muda mrefu juu ya 25 huanza kuoza.

Kazi ya pili

Walikuwa na njia mbili: kuondoa mabua yote na kurudi kwenye bati tupu, au kujenga upya. Walichagua kujenga upya, lakini kuta mbili tu: ule unaopigwa na upepo na ule wa kivuli uliopakana nao. Ukuta wa jua uliachwa bati tupu, ukapakwa rangi nyeupe kwa nje ili mchana usiwe tanuri.

Marobota yaliwekwa mbali na bati. Miti wima iliyosimamishwa kwenye fremu iliacha pengo la sentimita 5, na bati likatobolewa chini na juu ili hewa ipande ndani ya pengo na kutoka. Kila tundu lilizibwa kwa wavu mgumu wa matundu ya milimita 6, kwa ajili ya panya.

Mgongo wa robota ulileta tatizo, kwa sababu ukuta ukishasimama mkono haufiki nyuma. Walichanganya udongo wa mfinyanzi na maji mpaka ukawa kama uji, wakachovya uso mmoja wa kila robota, wakayapanga juani yakakauka kabla ya kuyajenga. Kazi hiyo ni chafu na ya polepole, ila ganda lile la udongo huzuia hewa kupenya kiholela na hupunguza hatari ya cheche, huku likiruhusu unyevu utoke.

Kwa ndani walipiga lipu ya udongo mara tatu, jumla sentimita 3 hivi. Juu ya marobota ya ubavu udongo haushiki vizuri kwa sababu mabua yamelala sambamba na uso, kwa hiyo waliusugua uji wa udongo kwa mikono kabla ya koti la kwanza. Safari hii kamba zilifunikwa. Kuanzia sakafuni hadi mita 1.2 waliweka mbao juu ya lipu, kwa kuwa ndama hulamba kila kitu chenye ladha ya chumvi.

Gunia la kileleni liliondolewa na mwanya wa juu ya kuta ukafunguliwa. Mwenye shamba alipinga siku nzima. Alikubali baada ya kuonyeshwa hesabu iliyopo hapa chini.

Jambo la mwisho lilitoka kwa mtunza ndama: kwamba ndama wasipashiwe banda zima bali wajengewe mahali pa kulala. Nyuma ya kila kizimba kilijengwa kifuniko cha mbao, kimo cha mita 1.2 hivi, kinachofunika takriban nusu ya kizimba, na juu yake yakalazwa marobota. Baina ya vizimba jirani ziliwekwa mbao zisizo na nafasi, upande wa mbele ukaachwa wazi. Matandiko yakaongezwa mpaka ndama akilala miguu haionekani.

Hesabu ambayo haikufanywa mwanzo

Kuta za banda zina eneo la karibu mita 100 za mraba. Paa nalo lina karibu 100. Kila mita ya mraba ya bati tupu hupitisha karibu wati 6 kwa kila digrii moja ya tofauti baina ya ndani na nje. Kwa hiyo banda zima lilipoteza takriban wati 1,200 kwa digrii.

Ukuta mzuri wa marobota hupitisha karibu wati 0.2 mahali ambapo bati hupitisha 6. Maabara ya Oak Ridge kule Marekani ilipima ukuta wa namna hiyo, uliopigwa lipu, mwaka 1998, ikapata R (kiwango cha ukuta kuzuia joto lisipite) ya 27.5 kwa vipimo vyao, ambayo ni sawa na hiyo 0.2. Zikivikwa kuta zote, upotevu wake unashuka kutoka wati 600 hadi 20, mafanikio makubwa kwelikweli. Paa bado linapoteza 600, kwa hiyo jumla ni 620.

Ndama mchanga hutoa joto la karibu wati 100. Ndama 20 ni wati 2,000. Gawanya 2,000 kwa 1,200: bati tupu lililozibwa lingepata joto digrii 1.7 juu ya nje. Gawanya kwa 620: banda lililovikwa lingepata 3.2. Faida ni digrii moja na nusu, na hapo hewa haijahesabiwa. Banda la ndama linahitaji hewa yake yote ibadilike angalau mara nne kwa saa hata wakati wa baridi. Kwa banda hili, hewa hiyo peke yake hubeba karibu wati 380 kwa kila digrii. Ukiiongeza pande zote mbili, bati tupu hupata digrii 1.3 na banda lililovikwa hupata 2.

Tofauti inabaki chini ya digrii moja, kwa marobota zaidi ya 200 na mita 13 za mraba za sakafu.

Kwa nini basi usiku wa mwanzo ulihisiwa kuwa na joto, na ndama wakatandaza miguu? Kwa sababu mbili ambazo kipimajoto cha hewa hakizionyeshi. Upepo ulikoma kuwapiga. Na bati baridi halikuwanyonya tena joto la mwili: mwili hutupa joto kuelekea kitu chochote baridi unachokikabili, hata hewa iliyo katikati ikiwa ya kawaida. Faida hizo ni za kweli, lakini hupatikana kwa kumkinga ndama mwenyewe pale alipolala. Hazihitaji kuta zote nne.

Wengine watauliza kwa nini paa halikuvikwa, ikiwa ndilo linalovuja. Kenchi za banda zilitengenezwa kubeba bati lenye uzito wa kilo 4 hivi kwa mita ya mraba. Tabaka la marobota la sentimita 35 lina zaidi ya kilo 38. Mtu akiwaambia yapandishwe juu, mwulizeni kwanza kenchi zimehesabiwa na nani.

Maji yalipita wapi

Makosa mawili yalishirikiana hapa, na ndiyo maana chanzo hakikuonekana mapema. Kuziba mianya kuliuzuia mvuke wa ndama usitoke. Hewa yenye joto na unyevu hupanda, kwa hiyo ulijikusanya juu, ukaingia kwenye mabua kupitia nafasi baina ya robota na robota, kwa sababu lipu ya kuuzuia haikuwapo. Huko nyuma ulikuta bati. Na bati lilikuwa baridi zaidi kuliko zamani: kabla ya marobota, joto la ndani lilikuwa likilipasha kidogo; baada ya marobota, joto hilo lilizuiwa lisifike. Kadiri mabua yalivyofanya kazi yao vizuri, ndivyo bati lilivyopoa na kunasa maji mengi zaidi.

Hapo ndipo mfano wa Nebraska unapofikia ukomo. Kuta zile hazikuwa na bati nje. Unyevu ulioingia ulipata njia ya kutokea. Mwenye shamba alichukua ukuta uliojithibitisha kwa miongo mingi, akauongezea koti lisilopitisha unyevu upande wa baridi, kisha akadhani ameuimarisha. Pengo la hewa katika kazi ya pili kazi yake ni kuurudishia ukuta nje yake. Bati limebaki mwavuli tu.

Ukuta wa mlango ulikuwa kisa kingine kabisa. Haukuozeshwa na mvuke bali na maji ya kuoshea sakafu, yaliyopanda kutoka kwenye zege. Tofali zilizopungua zingeletwa siku mbili baadaye. Kati ya makosa yote ya shamba hili, hili ndilo lisilo na utetezi, maana faida ya kuinua kuta walishaijua na walishaifanya mara tatu.

Matokeo

Msimu wa baridi uliofuata, daftari la mtunza ndama lina vikohozi vichache mno kuliko misimu iliyopita. Halijathibitisha ni badiliko lipi lililoleta nafuu, kwa sababu yalifanyika kwa mpigo. Rai yangu ni kwamba mianya iliyofunguliwa, matandiko mazito na vifuniko vilifanya sehemu kubwa, na kuta zikasaidia kwa kukata upepo. Mtunza ndama anazipa kuta sifa kidogo kuliko mimi. Mwenye shamba anazipa zote.

Bati la paa bado hutoka jasho alfajiri. Matone huangukia vifuniko na njia ya katikati, si migongo ya ndama. Kipima unyevu kilichochomekwa nyuma ya ukuta wa kivuli kimebaki chini ya asilimia 16, hata mwishoni mwa baridi. Lipu imepasuka nyufa nyembamba palipokutana na miti wima, na nyufa hujazwa udongo kila mwaka.

Kanuni ya moto imeandikwa mlangoni: hakuna kulehemu wala grenda kwenye banda mpaka robota la karibu limefunikwa na mtu abaki akilinda baada ya kazi. Nyaya za umeme zimehamishiwa ndani ya bomba, juu ya uso wa lipu, badala ya kupita ndani ya mabua.

Panya wameingia hata hivyo. Walipata njia kwenye pembe ambako wavu wa milimita 6 ulikatwa kupisha bomba la maji na haukurudishwa. Fundi anataka kufumua pembe hiyo. Mtunza ndama anataka paka. Mpaka ninaandika haya, paka wawili wameshaletwa na pembe haijafumuliwa.